Kapi Juu ya Kitanda cha Hajra

Isihaka wa Mkuza alikuwa fundi wa foklifti, zile gari zenye uma mbele za kupandishia mizigo maghalani, na ubishi wake ulijulikana mpaka Tumbi. Ukimwambia kitu hakiwezekani, umempa kazi.

Mkewe Hajra alipopooza miguu, na binti yao Rahma keshaolewa mbali, Isihaka alimbeba mwenyewe: bafuni, barazani, kitandani. Mgongo ukamgomea. Akaanza kutuita majirani. Tulikwenda, tukamnyanyua, tukabaki kupiga soga naye. Lakini habari zikafika Kisarawe, kwao Hajra. Huko mke akiugua muda mrefu hufuatwa akauguzwe na dada zake, na mume mwenye akili hapingi. Isihaka alipinga. Tangu amuoe hajazoea nyumba isiyo na Hajra, aanze uzeeni?

Akafunga mashine chumbani. Alisimamisha nguzo ya chuma, kando yake silinda ya foklifti kuukuu yenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, kichwani. Kamba ya waya ilifungwa chini ya nguzo, ikapita juu ya kapi hilo, ikashuka, kisha makapi mengine yakaiongoza hadi kwenye boriti juu ya kitanda, ilikoning'inia machela ya turubai. Ukipampu mpini, mafuta yanaisukuma silinda juu. Ikipanda shubiri moja, mgonjwa anapanda mbili: kila upande wa kapi unadai shubiri yake, na kwa kuwa upande mmoja umefungwa, zote mbili hutoka upande wa mgonjwa. Silinda nayo hubeba uzito mara mbili, lakini kwa silinda iliyozoea marobota, Hajra alikuwa nini? Isihaka akawa anamhamisha kwa mkono mmoja. Alijisifu, nasi tukamsifu. Hatukuitwa tena.

Mwanahalima, dada yake Hajra, alipofika na gari kumchukua, Isihaka alimwonyesha kwa mbwembwe.

"Shemeji, tazama mwenyewe. Kuna haja gani ya kumhangaisha?"

Hajra alipanda taratibu, akageuzwa, akashushwa kwenye kiti bila kutikisika.

"Nichukueni," akasema Hajra.

Isihaka alidhani hakusikia vizuri. "Imekuumiza wapi, mama Rahma? Nitarekebisha."

"Haijaniumiza popote, baba Rahma. Umeifunga vizuri. Ila tangu uifunge hujanishika. Na wale waliokuwa wakija kunibeba hawaji tena. Nashinda naangalia kamba. Nataka nikabebwe na watu."

Maskini Isihaka, ubishi wote ulimwishia hapo. Aliinama amnyanyue kutoka kwenye kiti, ampeleke garini mwenyewe. Alimwinua kidogo tu, mgongo ukakataa, akamrudisha huku machozi yakimtoka. Mwanahalima akamsogeza pembeni kwa upole, yeye na dereva wakampokea mgonjwa mikononi. Hajra akaizungusha mikono shingoni mwa dada yake na kufumba macho.

Isihaka aliwafuata nyuma akisema, "Taratibu jamani, taratibu," ingawa walikuwa wakienda taratibu.