Siku ya Matanga, Baba Ndiye wa Kwanza Kuonja

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Nimemwomba mhariri afiche jina langu na mtaa wetu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, nasoma kwa masista hapa Élisabethville. Wazazi wangu ni watu wa upande wa Mitwaba. Baba alishuka mjini akiwa kijana, akaingia kazi ya reli, na sisi watoto tumezaliwa hapa. Siku hizi siwezi kutulia. Nikishona darasani, sindano inanichoma. Nikisali, nafika katikati ya Salamu Maria na kusahau kama nilikwisha kuianza.

Baba yangu alikuwa mnywaji. Siandiki hivi kwa kumdharau, maana hakuwahi kutupiga. Alikuwa akipotea tu. Alitoka kazini Jumamosi, tukamwona Jumatatu, viatu mkononi, na mama akamwosha kama mtoto. Mkubwa wake wa kazi alimwambia kwamba akikosa tena atafukuzwa, na nyumba yetu ni ya kazi.

Kabla ya Kwaresima, rafiki yangu wa shule aliniambia kwamba kule mtaa wa Kamalondo kuna watu wanaokutana Jumapili baada ya misa, wanasaidiana kuacha pombe. Nyumba yenyewe hakuijua. Nilikwenda peke yangu, nikazunguka barabara zote, nikaona aibu kuuliza, nikarudi nilikotoka. Mwishowe nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya baa.

"Jambo, mama. Bale bantu benye banaachaka pombe, banakutanaka wapi?"

Aliegemea ufagio, akacheka, akamwita mwenzake aliyekuwa ndani. "Kuya usikie! Mutoto anatafuta benye kuacha pombe, anakuya kuuliza ku baa!" Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Kwa fundi wa nguo, kule ku mulango ya rangi ya bleu. Sisi tunabajazaka pombe, bale banabamwanga. Enda, mwana. Na kama unakuta bwana yangu kule, umusalimie."

Nilimwambia baba jioni ile, nikimpelekea maji ya kuoga. Alioga, akaenda kulala. Wiki nzima hakujibu, nami kila nikisikia mlango nilishtuka. Jumapili akavaa koti lake la misa, akasema, "Twende, unionyeshe."

Kwetu mtu haingii mara ya kwanza katika nyumba ya watu mikono mitupu. Baba ameshika desturi hiyo maisha yake yote, wala siku ile hakuifikiria mara mbili. Kwa fundi, wanaume walikaa kwenye mabenchi katikati ya mashine za kushona. Baba aliwasalimu wote, akafungua koti, akatoa chupa ya pombe, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Bakubwa, minaleta hii. Hatuingiaka ku nyumba ya bantu bila kintu."

Wote waliitazama ile chupa. Mimi nilitazama vipande vya uzi sakafuni. Ndipo fundi alipoanza kucheka, wote wakacheka, na mzee mmoja akapangusa macho akisema, "Kaa, baba, kaa! Miye siku ya kwanza nilileta kibuyu muzima!" Fundi akatoka na chupa, akaimwaga nje, na baba akaitazama ikiisha huku naye anacheka. Tangu siku ile hajakosa Jumapili hata moja, na kazini hajachelewa.

Sasa sikilizeni jambo linaloninyima usingizi. Babu, mzazi wa baba, alifariki kijijini, na matanga ya kumaliza kilio yatafanywa hapa mjini, nyumbani kwetu, mwisho wa mwezi ujao. Kwa desturi yetu, pombe ya matanga hainywewi mpaka mtoto wa kwanza wa marehemu aionje mbele ya watu wote, wajue kwamba haina sumu wala ugomvi. Mtoto wa kwanza ni baba.

Fundi alimwambia, "Hata tone moja usitie ku mudomo." Mama akasema, "Bwana yangu, onja tu, kisha uteme." Baba akamjibu, "Pombe? Miye sijuaka kuitema." Akionja baba mdogo mahali pake, ndugu watasema baba amemkataa mzazi wake, na ukubwa wa ukoo utahama.

Shangazi, dada yake baba, ndiye atakayepika pombe na kumpa baba kibuyu. Nimefikiri nimwombe atie ndani munkoyo mpya, kile kinywaji kitamu cha mahindi ambacho bado hakijachachuka, watoto wanachokunywa. Lakini lazima nimweleze sababu, na baba ametukataza, mimi na mama, kuwaambia ndugu habari za Kamalondo. Tena mdomo wa shangazi haufungiki. Wakijua ndugu wote, naogopa baba ataona haya na hatarudi kwa fundi. Nikinyamaza, kibuyu kitamfikia.

Shangazi amekwisha kuwasili na gunia lake la mahindi. Mara tatu nimemkaribia, nikageuka. Leo akaniuliza, "We mwana, unanizungukia nini kama inzi?" Nikasema natafuta kisu.

Baba zangu na mama zangu mnaosoma hapa, labda kwenu desturi hiyo ipo, na mnajua njia ambayo mimi siioni. Nimfunulie shangazi siri ya baba, au nifunge mdomo na kumwachia baba kibuyu chake? Nawaomba mnijibu mapema, kabla mahindi hayajalowekwa.