Habari za Kochi Jekundu

Mjomba wangu ni fundi makochi. Akiletewa kochi bovu, haanzi na mkasi. Kwanza humwuliza mwenyewe ni nani hukaa upande gani, kisha huketi juu yake, akafumba macho na kujitingisha taratibu kama mtu aliyepanda punda mzee. Watoto wa mtaa husimama mlangoni kumcheka. Yeye hainui hata kope. Mwishowe hunyoosha kidole: "Hapa. Springi ya hapa imekufa." Mara nyingi huwa kweli. Nimewahi pia kumwona akichana kitambaa chote cha kochi la watu, akakuta ugonjwa ulikuwa mguuni.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Ukitaka kwenda jikoni unapita kati ya mifupa ya makochi, na vumbi la sponji linakusindikiza mpaka kwenye kikombe cha chai. Mkewe, Mama Kijiti, amepigana na vumbi hilo tangu alipoolewa. "Siku nikipasuliwa hospitali," husema, "daktari atakuta godoro zima tumboni."

Kijiti ni binti yao, wa pekee. Jina alilipata kwa wembamba, na kwa kuwa tangu utotoni alisimama wima, hakuegemea ukuta wala mtu. Tena hakuwa mtoto wa kulalamika. Siku moja, akimsaidia baba yake kupigilia kitambaa, pini ilimzama kiganjani. Hakusema. Alikula chakula cha jioni na mkono mmoja chini ya meza, mpaka mama yake alipoona damu sakafuni. "Niko sawa," alisema. Hilo ndilo neno lake. Mama yake hudai kwamba hata siku anazaliwa hakulia, aliwaangalia tu wakunga kama anayetaka kuwaambia yuko sawa.

Basi alipomaliza shule akatangaza kwamba ameomba kwenda mafunzo ya jeshi, hakuna aliyeshangaa sana isipokuwa baba yake. Kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, mzazi alitakiwa kutia sahihi.

"Maji ameyavulia nguo mwenyewe," alisema Mama Kijiti. "Mwache ayaoge. Tia sahihi, Baba Kijiti, mtoto asichelewe."

Mjomba alikata sponji asubuhi nzima. Ilipofika mchana akaishika kalamu kama anavyoishika chaki ya kuchoria kitambaa, akaandika jina lake kubwa, likapita nje ya mstari.

Kuanzia hapo akawa kama ni yeye anayekwenda. Kwenye kupimwa afya alimfuata binti yake mpaka ndani, akamwuliza daktari kama wembamba ni ugonjwa. Daktari akamwonyesha mlango. Mabuti meusi yaliponunuliwa aliyakunja huku na huku, akasema ni magumu kama mbao, yatamchubua mtoto. Akataka ayavae yeye kwanza yalainike, hayakumwingia. Mkewe ndiye mwenye mguu sawa na wa Kijiti, kwa hiyo wiki ile nzima Mama Kijiti alipika akiwa amevaa mabuti ya jeshi, akikanyaga jikoni kwa kishindo na kupiga saluti kila tulipoomba chumvi.

Jioni ya mwisho kabla ya safari nilikuwa karakana, nikimsaidia mjomba kuvalisha vifungo kitambaa. Kijiti alikuwa amejilaza kwenye kochi jekundu. Kochi hilo liliachwa na mteja mmoja ambaye hakurudi tena, wakati Kijiti hajaanza hata shule. Alijifunzia kusoma juu yake, na homa zake zote aliziugulia hapo. Mama Kijiti hutaka litupwe kila wanapofagia.

"Simu mtapiga Jumapili," mjomba alimwambia, akitazama sindano yake. "Na afande atakuwa pembeni, anasikia kila kitu. Wewe nawe hata ukiwa unaungua moto utasema uko sawa."

"Nitakuwa sawa, baba."

"Unaona? Sasa sikiliza. Ukizidiwa, usiseme lolote. Niulize tu habari za kochi jekundu. Basi. Nitaelewa, nitakuja na pikapu kukuchukua."

Kijiti alinitazama, akabana kicheko. "Kochi, baba?"

"Kochi. Nani atashuku kochi? Niahidi."

"Haya, nakuahidi."

"Na mama yako asijue. Atanicheka mpaka meno yanidondoke."

Simu ya kwanza ilipita salama. Yuko sawa, wanaamka mapema, yuko sawa. Jumapili iliyofuata tuliketi tena mezani, simu katikati, sauti imefunguliwa ili wote tusikie. Mama Kijiti akauliza kuhusu chakula, mablanketi, marafiki. Majibu yakawa mafupi. Kisha sauti ya Kijiti ikaja nyembamba:

"Baba. Lile kochi jekundu bado lipo?"

Mjomba aliweka kikombe chini, kikagonga sahani.

"Kochi!" mkewe alidakia. "Mtoto huyu! Hujaniuliza mgongo wangu umepona au vipi, unauliza kochi?"

"Lipo," mjomba alisema. "Lipo, mwanangu. Nimesikia."

Simu ikakatika, muda ulikuwa umekwisha. Mjomba alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo. Ikabidi aeleze. Mkewe alicheka, kama alivyotabiri, mpaka akashika ubavu.

"Yaani jeshi zima umelipangia ujasusi wa kochi! Baba Kijiti, mtoto amelikumbuka kochi lake, basi."

"Hakuna mtu anayekumbuka kochi."

"Wewe unayesema hivyo unayakumbuka ya watu wote!"

"Nakwambia mtoto amezidiwa."

"Na mimi nakwambia ukienda kumtia aibu mbele ya wenzake, hatakusamehe." Akanigeukia. "Wewe msomi, mbona umekaa kimya kama maji mtungini? Sema."

Nilisema sijui. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote.

Kesho yake asubuhi mjomba alinipitia. Alitaka niende naye kwa sababu, alisema, watu wa ofisini hupenda maneno yaliyonyooka, na yake hupinda akiwa na hasira. Alikuwa ameifagia pikapu na kutandika turubai nyuma, pa kuweka sanduku la bati la Kijiti. Njiani hakuwasha redio. Kila tulipofika kwenye tuta alipunguza mwendo mno, kama tayari amembeba.

Langoni kulikuwa na mapipa yaliyopakwa chokaa, benchi la wageni, na askari kijana aliyetoka kibandani akifunga kifungo cha shingo.

"Mzee, siku ya wazazi si leo."

"Najua, kijana wangu. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Askari alitutazama, akaitazama pikapu, akaona afadhali amwite mkubwa wake.

Afande aliyekuja alikuwa mwanamke mnene, kofia imekaa sawasawa. Nilitegemea sauti ya radi. Alikuwa na sauti ya mtu anayefanya kazi maktaba.

"Kuna msiba, mzee?"

"Hapana, afande."

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana."

"Basi kuna nini?"

Mjomba alifungua mdomo. Nadhani ndipo alipolisikia neno lenyewe jinsi litakavyosikika pale langoni. "Aliuliza kochi," alisema, akakwama.

Afande akanigeukia. Nikaeleza, kwa sauti ndogo hivi kwamba ilinibidi nirudie tangu mwanzo. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Nyinyi wazazi," alisema. "Kuna mmoja hapa na baba yake walikubaliana waseme mbuzi amezaa. Mbuzi yule alizaa kila Jumapili mpaka nikamwonea huruma." Kisha akamtazama mjomba vizuri. "Simfungi mtu kamba, mzee. Hizi ni wiki za mwanzo. Anayetaka kuondoka anaondoka. Ila akitoka lango hili, ametoka. Hatumpokei tena. Nitamwita. Muulize unavyotaka, lakini ujue unachomwuliza."

Kijiti alikuja mbio kutoka nyuma ya majengo. Walikuwa wamemnyoa, shingo imekuwa ndefu, masikio yamejitokeza kama ya mtoto mchanga. Akasimama mbele yetu, mikono ubavuni.

"Shikamoo, baba. Dada, hujambo?"

"Marahaba, mwanangu," mjomba alisema. Mimi nikaitikia sijambo.

Afande alisogea kando, akajishughulisha kukagua tairi la pikapu yetu.

"Nimekuja," mjomba alisema. "Nilikusikia. Gari lile pale. Hakuna atakayekulaumu, hata mama yako."

Kijiti aliitazama pikapu. Aliitazama turubai lililotandikwa, na nikaona ameelewa ni la nini. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Kisigino cha kushoto hakikukanyaga chini sawasawa. Nyuma ya majengo wenzake walikuwa wanaimba wimbo wa mchakamchaka, nao ukawa unasogea mbali.

"Baba," alisema, "nilikuwa naulizia kochi tu."

"Kochi tu?"

"Nililikumbuka. Huku tunakaa chini siku nzima."

Mjomba alifumba macho. Nilimjua akifanya hivyo. Nilidhani sasa hivi atanyoosha kidole aseme hapa, hapa ndipo panapouma, panda gari. Alikaa hivyo mpaka afande akageuka kumtazama. Alipofumbua macho, mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni.

"Lipo," alisema. "Mama yako anataka kulitupa."

"Asilitupe, baba."

"Halitupwi."

"Muda," alisema afande.

Kijiti akakaza mgongo, akageuka, akaondoka mbio. Alikuwa anachechemea. Alipokaribia kona ya jengo alikumbuka, nadhani, kwamba bado tunamwangalia, kwa sababu hatua zake zilinyooka ghafla, zote mbili sawa, mpaka alipopotea.

"Samahani kwa usumbufu, afande," mjomba alisema. "Kumbe ilikuwa kochi tu."

"Ndiyo, mzee. Huwa ni kochi tu," afande alijibu, akampa mkono.

Tulishika njia ya kurudi. Mimi si mtu wa kuuliza maswali, lakini hilo nililiuliza: alimwamini?

"Kisigino kimechubuka," alisema. "Mabuti yale niliyasema. Na jana mtoto yule alitaka kuja nyumbani, alitaka kabisa."

"Sasa mbona umemwacha?"

Alingoja lori lililokuwa mbele likate kona. "Kwa sababu leo ameamua kubaki. Ningemwuliza mara nyingine moja tu, angepanda. Mimi namjua. Angepanda kwa ajili yangu, nisirudi na gari tupu."

Mama Kijiti alikuwa mlangoni tulipofika. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, akainua ncha ya turubai, akatazama chini yake kana kwamba mtoto angeweza kufichwa hapo. Kisha akaketi kwenye kizingiti akaanza kulia.

"Si ulisema maji ameyavulia nguo?" mjomba alimwuliza, lakini kwa upole.

"Nyamaza, Baba Kijiti. Nimeshamtandikia kitanda." Alijifuta kwa ukingo wa khanga. "Na shuka mpya nimetoa. Mjinga mimi."

Mjomba aliketi karibu naye kwenye kizingiti, ambacho hakiwatoshi wawili, wakabanana hapo. Mimi nikaingia ndani kuwasha jiko.

Wiki ile mjomba hakufanya kazi ya maana. Alishona upande mmoja wa kiti cha mteja, akafumua, akashona tena. Mkewe alipika chakula kingi kuliko watu waliokuwepo. Hakuna aliyetamka neno kochi, jambo ambalo katika nyumba ile si rahisi. Jumapili tulikaa mezani mapema mno. Simu ilipolia, wote wawili waliinyooshea mkono, kisha wote wawili wakaurudisha, ikabidi niipokee mimi.

"Mama, shikamoo. Baba, shikamoo. Mama, maharagwe ya huku yana mchanga."

Waliangaliana.

"Mchanga?" mama yake aliuliza.

"Mchanga kabisa, unasikia kwenye meno. Na kisigino kinaniuma, kinatoa usaha, nimepewa dawa inayonuka. Na huyu aliye kitanda cha juu yangu anakoroma kama mashine ya kusaga."

Mtu mwingine alipiga kelele kwa mbali kwamba ni uongo, hakoromi. Sauti ile tulivu ya afande ikasema, "Kuruta, wenzako wanasubiri simu," lakini haikuwa na ukali.

Mama Kijiti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mjomba aliinamia simu mpaka pua yake ikakaribia kuigusa.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Na nini kingine?"

"Na maji ya kuoga, baba! Ya baridi mpaka unasahau jina lako!"

"Mh! Pole sana," mjomba alisema, huku uso mzima unacheka. "Pole sana, mama. Na nini kingine?"