Bunga ya Meli

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Baraka, mwanangu, ziwa lilikuwa limetulia mpaka milima ya ng'ambo ilionekana kama inaelea. Nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba yangu ya vigae, niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, usisahau hilo, nikaitwa haraka kwa Sajini Asukulu, rafiki yangu wa jeshini.

Sajini alikuwa amekonda. Alipumua kama mtu anayepanda mlima, na kumbe ameketi tu mkekani. Kaka zake walikuwa wamemzunguka mkewe, Mama Riziki. Mzigo wa mama huyo ulikuwa tayari mlangoni.

"Alimutilia sumu mu bunga," kaka mkubwa akaniambia. Bunga ni unga wetu wa muhogo. "Leo anarudia kwabo Swima. Batoto banabaki."

Mama Riziki hakulia. Alikuwa akimtazama mumewe tu.

Neno lile, bunga, likanichukua mbali. Nikatuona tena tukiwa vijana, ndani ya ile meli kuukuu ya kivita, kwenye chumba cha mashine. Mabomba ya moto yalikuwa yamevishwa kitu cheupe kama pamba, kisichoungua. Injini ikitetemeka, kilimwaga vumbi jeupe. Mwanga wa jua uliingia kwa tundu la juu, na vumbi lile likaelea ndani yake polepole, likimetameta, hata tukasahau kelele. Tuliliita bunga. Tulitupiana vichwani, tukacheka, tukalala juu yake. Hakuna aliyetuonya.

Mimi sikubaki kule. Nilikwenda Ulaya, nikabeba mizigo, nikasoma, nikapata diploma ya injini za meli. Wa kwanza kutoka kijiji chetu cha Lweba. Kama yupo mwingine, mwambie aje nimwone. Huko ndiko nilikojua jina la kitu kile: asbesto. Nyuzi zake, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, huingia mapafuni, hukaa kimya miaka mingi, kisha huanza kukufunga pumzi.

Nikawaambia, "Sumu iko kweli, na iko mu bunga. Lakini ni bunga ya meli."

"Diplome imeanza kusema," kaka mdogo akanicheka. "Kule Ulaya balikufundisha na uganga?"

"Balinifundisha kuuliza. Fundi wetu wa mashine kule mu meli iko Makobola, anapumua hivi hivi. Mupaka rangi wetu iko kule Lweba, vilevile. Mama Riziki alibapikia siku gani?"

Ndipo Sajini, macho yamefumbwa, akatabasamu.

"Ulikuwa unanimwagia bunga mu shingo, weye," akasema kwa pumzi fupi fupi. "Nilikuwa naonekana sawa vile mama mwenye ametoka ku kinu."

Kaka mkubwa akainama, akaubeba mzigo, akaurudisha ndani mwenyewe.

Dawa ya kumrudishia pumzi haikuwepo, hata kwa daktari nilikompeleka. Lakini alipotuacha, mkono uliomshika ulikuwa wa mkewe, na matangani hakuna aliyemtazama mama yule kwa jicho baya.

Mimi nami nikipanda mlima kwenda kanisani husimama kidogo njiani, pumzi zirudi. Watu nawaambia naangalia ziwa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mtu wako akikosa pumzi, kabla hujamtaja aliyempikia, muulize alifanya kazi wapi. Ukifika kwa daktari, mwambie habari za meli hata asipouliza. Na ukiona pamba nyeupe kwenye chuma cha zamani kinachokatwa ufukweni, usiibebe kwenda kuzungushia babula la mama yako, jiko lile la makaa, kwa kuwa haiungui. Iache, uondoke.

Mungu akupe kifua chepesi, uzeeke, upande mlima wetu bila kusimama. Na siku ukisimama, iwe kweli unaangalia ziwa.