Kitambaa cha Mama Kebaso na Samaki Wasiotuliwa na Nzi

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia soko la Merigi, katikati ya mashamba ya chai. Mellen Nyanchama, ambaye hapa wanamwita Mama Kebaso, anafunua kapu la ngege, samaki wa ziwani, na kuchungulia ndani. Hatazami samaki kwanza. Anatazama kitambaa.

Ni kipande cha shuka jeupe, kilichochemshwa na kabichi nyekundu ya Londiani hadi kikawa zambarau. Samaki akiwa mzuri, rangi hubaki hivyo. Akianza kuoza, kitambaa huwa buluu, kisha kijani.

"Ilianzia jikoni kanisani," asema mjane huyo. "Nilifunika samaki kwa kitambaa nilichochujia kabichi. Kuja kufunua, kijani kama majani ya chai! Nikasema, Bwana Yesu, hii ni nini tena?"

Tangu mumewe, mchuma chai, afariki, kapu hili ndilo shamba lake. Wateja wake wengi ni vibarua wa chai waliotoka Kisii. Wenyeji wengi hawali samaki, huwaita nyoka wa maji, na humcheka tu.

"Mama Kebaso, leo nyoka wa maji wamesema nini?" amtania Chepkemboi, muuza maziwa wa meza ya jirani.

"Wamesema maziwa yako yana maji mengi kuliko wao."

Lakini mwaka huu wa 1999 kicheko hakidumu. Kuna uvumi kwamba wavuvi wengine wanamwaga dawa ya wadudu ziwani ili kuua samaki. Siku hizi watu wanakijia kitambaa kwa sauti ya chini, kama wanaokwenda kwa mganga, na Mellen hapendi.

Asubuhi hii ni zambarau tupu. Macho ya samaki yanang'aa, mashavu mekundu. Onchiri, kibarua wa chai, ameshatoa pesa.

Mellen hapokei. Anasikiliza.

Kwa Chepkemboi nzi wanavuma juu ya mitungi. Hapa, kimya. Analiacha kapu wazi. Nzi mmoja anakuja, anazunguka, anakwenda zake. Mwingine anatua juu ya jicho la samaki. Anaanguka chali, miguu inatetemeka, kisha inatulia.

"Rudisha pesa yako, baba. Leo hakuna samaki."

"Si kitambaa kiko sawa? Watoto wanangoja, mama!"

"Kitambaa kinajua kuoza. Sumu hakiijui."

"Na mtaji wako?"

"Ni huo unauona kwenye kapu."

Onchiri anakunja noti polepole. Chepkemboi, bila utani sasa, anashika upande mmoja wa kapu. Wanawake hao wawili wanawafukia samaki wote nyuma ya soko, wakiwa wabichi na wazuri kwa macho, na Mellen anaomba kwa Kikisii kama aliyesimama kwenye kaburi la mtu.

Wiki ijayo ataingia shambani kuchuma chai, hadi apate mtaji wa kuanza tena.

"Halafu nitashuka ziwani mwenyewe," asema, akipangusa udongo mikononi. "Mambo ya kununua kwa mchuuzi wa njiani yameisha. Nitakaa pale nimwone mvuvi akivuta wavu, nimchukue samaki akiwa bado anarukaruka."