Mguu Wangu Kati ya Bibi na Mwalimu

Wiki iliyopita mtoto mmoja wa darasa la sita aliteguka kifundo cha mguu kwenye uwanja wetu hapa Mandewa mjini, ambako nafundisha michezo. Nilimlaza kivulini, nikauinua mguu wake juu ya begi langu, na wenzake wakakimbia dukani kuleta barafu za ubuyu. Nikazifunga kwenye kitambaa na kuzibana penye uvimbe. Mara mama yake akafika na kichupa cha mafuta ya alizeti, anataka amchue hapo hapo. Nilimwomba angoje kwanza siku mbili tatu, akakubali kwa shingo upande. Lakini alikuwa ameshafungua kile kichupa, na ile harufu ilinirudisha utotoni. Kama nawe umelelewa na bibi, huna haja ya kuuliza kwa nini.

Mimi nililelewa na bibi kijijini, pale Ihanja, karibu na barabara kuu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la alizeti, mbele kulikuwa na kuku, na katikati tulikaa sisi wawili na sufuria yetu ya mlenda. Bibi hakuwa mtu wa kukumbatia. Ukiugua anakukanda, ukichoka anakukanda, ukilia bila sababu anakuuliza panauma wapi ili akukande. Mikono yake ilinukia mafuta ya alizeti na ilikuwa migumu kwa jembe, na maji yake yalikuwa ya moto kiasi kwamba ulikuwa unapona haraka ili usirudishwe.

Nilikuwa na mbio. Hilo lilijulikana kwanza na kuku, kisha na majirani, ambao walikuwa wakiniita kila walipopata mgeni wa kuchinjiwa. Nilipoingia darasa la saba akaja mwalimu mpya wa michezo, kijana aliyetoka chuo juzi, akasema mbio hizo zinapotea bure kwa kukimbiza mitetea. Akaanza kutufundisha mambo tusiyoyajua. Kwenye mchakamchaka alitukataza kuimba, akatupeleka kando ya barabara kwenye nguzo za umeme: kutoka nguzo moja hadi nyingine tunakimbia kama tunafukuzwa, hadi inayofuata tunajikokota, kisha tunarudia mpaka pumzi inakwaruza koo. Alitukimbiza kwenye mchanga wa korongo lililokauka. Alituchezesha kichurachura, na kwa kuwa tulikijua kama adhabu tu, siku ya kwanza nusu ya darasa iliuliza imekosa nini.

Kilichomshinda ni kumwelewesha bibi kuhusu siku ya kupumzika. Mwalimu alisema mwili unajijenga ukiwa umetulia. Bibi alisema mwili unaotulia mchana una homa, akanipa jembe. Kwa hiyo siku zangu za kupumzika nilizimalizia shambani, na kesho yake nguzo za umeme zilionekana zimesogezwa mbali.

Yalipokaribia mashindano ya mkoa, mwalimu alituambia wazi: wasichana wawili wa kwanza katika mita elfu moja na mia tano wataingia timu ya mkoa, na wa timu ya mkoa huchukuliwa na shule ya sekondari ya bweni yenye uwanja wa maana. Kwetu hakuna aliyewahi kufika bweni. Nililitaka hilo bweni kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Bibi naye alianza kulitangaza mnadani kama jambo lililokwisha.

Wiki yenyewe ya mashindano bibi akaamua kumshukuru mwalimu kwa jogoo. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Akaniambia nimkamate yule mwekundu, mbishi kuliko wote. Nikamzungusha uwanja mzima, akakata kona kwenye lundo la mabua ya alizeti, nami nikakata kona, mguu ukaingia shimoni. Nilisikia kitu kikilia ndani ya kifundo. Jogoo nilimshika, nikiwa nimelala chini.

Mwalimu alipofika kula, akatoa shikamoo yake na kukuta mguu wangu uko kwenye beseni linalofuka mvuke. Bibi alikuwa akinikanda kwa vidole gumba vyote viwili, nami nimeng'ata kanga nisipige kelele. Uvimbe ulikuwa umepanda mpaka kwenye muundi. Ugali ukaletwa, na ile nyama. Mwalimu alikata tonge, akalishika mkononi bila kulila.

"Bibi, samahani," alisema. "Kule chuoni tulifundishwa mguu ukiteguka tuanze na baridi. Moto unasubiri."

Bibi hakuinua kichwa. "Mwalimu, kula. Huyo jogoo ndiye aliyemuumiza. Ukimwacha kwenye sahani, mtoto ameumia bure."

Mwalimu akala. Nilimtazama, na niliona kila tonge likishuka na maneno aliyokuwa ameyaandaa. Sijui angefanya nini. Alikuwa kijana mdogo, amepewa kigoda kizuri kuliko vyote, anakula kuku wa heshima mbele ya mzee aliyemchinjia.

Tangu hapo mguu wangu ukawa na matabibu wawili wasiosemezana. Shuleni mwalimu aliuweka juu ya dawati, akaufunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtungi, akaufunga kwa bandeji ya shuka kuukuu, akanikataza kuukanyagia. Nyumbani bibi aliifungua bandeji na kuuliza nani ameufanya mguu huu wa baridi kama wa chura, kisha akainjika maji. Mchana uvimbe ulipungua, jioni ukarudi. Mwalimu alikuwa akiniuliza kama bado nakandwa, nami naangalia chini. Niliogopa kumvunjia bibi heshima, niliogopa kumchosha mwalimu, na zaidi ya yote niliogopa siku zinavyokwisha.

Asubuhi ya mashindano mwalimu aliniambia sitakimbia. Alikuwa ameshamwandaa msichana mwingine. Nililia njia nzima kuja mjini, na yeye akajifanya anatazama dirishani.

Tulipofika uwanjani, bibi alikuwa ameshafika. Sijui alipanda gari gani. Alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha sherehe, amepakata chupa ya chai. Mwalimu akaenda kumsalimia. Waliongea kidogo tu, nikamsikia bibi akisema mguu ameshautibu, na mwalimu aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Akachuchumaa mbele yangu.

"Unaweza?"

"Naweza."

Akanifunga bandeji kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Mzunguko wa kwanza sikusikia maumivu, nilisikia moyo tu. Wa pili nikakumbuka nguzo: kasi, tulia, kasi. Wa tatu ganzi ikaanza kuisha na kila hatua ikawa na mlio wake. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipopigwa nilikuwa wa pili. Nilijua niko wa pili. Mbele yangu kulikuwa na mgongo mmoja na kona moja, na kwenye kona hiyo kifundo kikakunjika kwa ndani, nikaanguka kifudifudi. Nilisikia vishindo vya wenzangu vikinipita kimoja kimoja. Nilinyanyuka na kumaliza kwa mguu mmoja, wa mwisho, watu wakipiga makofi yale ya huruma ambayo nayachukia mpaka leo.

Bibi aliukata uwanja bila kuomba ruhusa ya mtu. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamimina maji kutoka kwenye ile chupa, akaanza kunikanda mbele ya mkoa mzima. Mwalimu alisimama pembeni na chupa ya maji ya baridi mkononi. Hakuifungua.

Bweni alikwenda mwingine. Mguu wangu ulizoea kukunjika, na hata sasa hunisaliti kwenye ngazi. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, mkufunzi alieleza jinsi joto linavyozidisha uvimbe wa jeraha bichi. Niliandika kila neno, kisha nikatoka nje nikakaa peke yangu. Nilimkasirikia bibi kwa mara ya kwanza maishani. Hasira ile ilifika nami Ihanja likizo, ikamkuta amenichemshia maji kwa sababu nimetoka safari ndefu, na hapo sikujua niipeleke wapi.

Siku hizi mchanga wa korongo umesombwa na wajenzi, na nyumba yetu imebaki msingi. Mwalimu alihamishwa, sikupata kumuona tena. Mikono iliyonikanda nayo imekwenda. Naikumbuka nikiwa na hasira kidogo, na kwa hamu ambayo inaizidi hasira.

Mwaka wake wa mwisho bibi hakuweza kutembea, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda miguu. Jioni moja akaniuliza, kama mtu aliyelibeba jambo muda mrefu, kuhusu yale maji aliyoleta uwanjani.

"Nafikiri yalipoa njiani," alisema. "Yangekuwa ya moto sawasawa, ungepona."

"Yalikuwa ya moto, Bibi. Yalitosha."

Akanitazama kuona kama namdanganya. Kisha akaninyooshea mguu wa pili.