Niliapa Picha ya Mume Wangu Haitatoka Ndani, Kisha Nikaitoa Mwenyewe

Jamani, mkosaji ni mimi. Nalisema mapema kabisa, maana najua mkifika katikati mtaanza kumcheka mume wangu, na mimi sitaki mtu acheke kabla hajajua wa kulaumiwa ni nani. Ni mimi! Mdomo wangu uliapa, kidole changu kikavunja kiapo.

Naishi Bagamoyo, nakaanga samaki na kuuza. Mume wangu ni dalali pale sokoni, ndiye anayenadi samaki vyombo vikishafika. Ana sauti huyo mtu! Akisema "Nani anafungua?" yaani nani ataje bei ya kwanza, hata paka wanakaa chini. Wachuuzi wanamwogopa, manahodha wanamheshimu, na hana utani na mtu.

Hapo ni sokoni. Nyumbani, loh!

Tuna mabinti wawili. Niwaite Rukia na Mwana, majina si yao. Rukia anasoma darasa la tatu, Mwana hata shule hajaanza. Baba yao akirudi, akaoga, akaswali alasiri, anajilaza kwenye mkeka sebuleni, nao wanamvamia. Wanamchana nywele asizokuwa nazo. Wanampikia wali wa mchanga na anausifia chumvi. Anabebwa, anabembelezwa, anapigwa kwa kukataa kulala. Mtu mzima yule!

Na mimi nina ugonjwa wa kupiga picha. Mwana akisinzia na kijiko mdomoni, napiga. Rukia akivaa viatu vya baba yake akaanguka navyo, kwanza napiga, ndiyo namwinua. Kisha naweka stetasi, watu wananiandikia, "Mama Rukia, una jicho wewe!" Nikisifiwa hivyo nalewa, wallahi. Nashinda nafungua simu kuhesabu nani kaona.

Siku moja wakaamua baba ni bibi harusi. Wakamfunga kanga yangu mpya, wakamvika ushungi, hereni zangu wakazining'iniza masikioni kwa uzi. Lipstiki walimpaka ikavuka mdomo, ikapanda mashavuni, ikaelekea sikioni. Mwana anapiga makofi na kuimba. Na yeye, dalali mzima, amekaa macho chini, kaona haya kama mwari kweli!

Mwanga uliingia mlangoni ukampiga nusu ya uso. Nikapiga. Sijawahi kupata picha nzuri kama ile maishani mwangu.

Akainua jicho moja. "Mama Rukia, hiyo isitoke nje ya mlango huu."

"Wallahi haitoki."

"Apa tena."

"Wallahi tena!"

Kiapo changu kilifika asubuhi tu, ndugu zangu. Asubuhi tu! Nilikuwa nasubiri mafuta yachemke, nikaifungua ile picha nijichekee kidogo. Nikacheka mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kama niko salama. Nikajiambia, niiweke kidogo tu, nikigeuza samaki wa kwanza naifuta. Nikaandika chini yake, "Bibi harusi wetu." Nikabonyeza.

Samaki wa kwanza nikamgeuza. Wa pili nikamgeuza. Nikanawa mikono nije kuifuta, simu imezima! Chaji imekwisha. Nikaichomeka ukutani, umeme hakuna. Nikakimbilia kwa jirani, hakuna. Mtaa mzima hakuna! Simu imekufa mkononi mwangu, lakini picha iko hai huko ilikokwenda, inatembea. Nikajipa moyo: asubuhi yote hii nani atatazama?

Nilipofika sokoni na beseni langu, nilisikia vicheko kabla sijaona watu. Mume wangu alikuwa amesimama juu ya meza ya saruji, ameinua nguru mkubwa.

"Tazameni nyama hiyo! Nani anafungua?"

Kutoka nyuma ikaja sauti nzito ya Nahodha Kombo, bonge la mtu, mbabe wa pale. "Tutafunguaje na mahari hujaitaja?"

Soko likalipuka! Akina mama wa dagaa wakapiga vigelegele. Kijana mmoja akainua simu juu, na ndani ya simu nikaiona picha yangu.

Mume wangu akaniona nimesimama pale. Akamlaza yule nguru mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto, akashuka, akaenda zake.

Nilitamani anifokee. Nilijiandaa kufokewa! Nyumbani alikula chakula chake, akanawa, akasema, "Picha nzuri. Umeipiga vizuri." Basi. Afadhali angenivunjia sahani.

Tangu siku hiyo mkeka ulibaki mtupu. Akirudi anakaa kwenye kiti barazani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Watoto wanakwenda na kitana chao, "Baba, njoo tukusuke." Anawajibu kwa upole, "Baba amechoka." Kesho yake amechoka. Keshokutwa amechoka. Sokoni nako sauti ilimshuka, watu wakaanza kumpelekea samaki wao dalali mwingine.

Kilichonimaliza ni Rukia. Nilitafuta lipstiki yangu nyumba nzima nisiione. Nikamuuliza.

"Nimeitupa chooni," akasema.

"Chooni! Kwa nini?"

"Ndiyo iliyomuudhi baba. Tulimpaka vibaya, ilitoka nje ya mdomo."

Ya Rabi! Mtoto wangu alikuwa akitembea na kosa langu kifuani mwake siku zote hizo. Nikaketi palepale nikalia. Nikamwambia, "Mwanangu, mlimpaka vizuri sana. Aliyeharibu ni mama."

Nikamwendea baba yao barazani. "Baba Rukia, nisamehe. Niliapa nikavunja. Kafara ya kiapo nitafunga siku tatu, lakini naomba radhi yako kwanza."

Akanitazama. "Nimekusamehe siku ileile. Lakini nikijilaza pale mkekani, nitajuaje kama niko ndani kwangu au niko sokoni?"

Nyie mngemjibu nini?

Nikaamua kwenda palepale nilipomwaibisha. Kabla mnada haujaanza nikapanda juu ya ile meza ya saruji, mimi mkaanga samaki. Mume wangu akatoa macho.

"Assalamu alaykum!" Wakaitikia. "Mnamcheka mtu asiye na kosa! Nichekeni mimi! Yeye alikuwa anacheza na wanawe ndani kwake. Mimi niliapa sitaitoa ile picha, nikaitoa ili nisifiwe. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango mkachungulia! Na kati yenu hapa, nani hajawahi..."

Sikumaliza. Meza ilikuwa na utelezi wa samaki. Nikateleza, mikono juu, nikatua kwa makalio ndani ya beseni la vibua!

Enyi watu! Vibua viliruka hadi kwenye ndoo ya muuza barafu. Kicheko kilichopigwa pale sijui kama kimeisha mpaka leo. Mimi mwenyewe nilicheka huku nalia, nimenasa kwenye beseni, mkia wa samaki umeingia kwenye ushungi.

Nahodha Kombo akaja kuninasua. Akanivuta, beseni likafuata! Aliponitoa hakuondoka. Alisimama anahema, akawatazama watu, akaketi juu ya kreti. "Ngojeni," akasema. Akavua buti lake la mpira.

Kucha tano, nyekundu! Tena za kumetameta!

"Mjukuu wangu," akasema. "Mnadhani kwa nini navaa mabuti na jua lote hili? Ile picha nilicheka kwa sauti kubwa ili mtu asije akatazama miguu yangu."

Nani angebaki amesimama? Akina mama wa dagaa walilaliana. Muuza barafu naye akapaza sauti, "Mimi kila jioni ni mgonjwa! Binti yangu ananidunga sindano kwa njiti ya fagio, na nisipolia ananidunga tena!" Mwingine akasema yeye ni ng'ombe, anakamuliwa.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameshika nguzo, mabega yanatikisika. Alicheka mpaka akachuchumaa. Kisha akajifuta uso, akapanda mezani, na ile sauti ikarudi. "Haya, tumekwisha kuoana! Nani anafungua?"

Lakini msidhani mkekani alirudi siku hiyo. Aliendelea na kiti chake barazani, na mimi sikumsukuma. Nilifunga kafara yangu, nikanyamaza. Mpaka alasiri moja nikamwona anafungua kifungo cha shingoni. Kisha cha pili. Akaingia sebuleni, akajilaza. Watoto walimsogelea kwa kunyata, kama wanaomkamata kuku, kisha wakamrukia!

Wakamrembesha kwa wanja, maana lipstiki hatunayo. Mwana akasimama mkono kiunoni. "Bibi harusi yupo. Bwana harusi je?"

Wote watatu wakanigeukia.

Nilivikwa kanzu nikakanyaga pindo, nikavikwa kofia ikanifunika macho, nikachorwa sharubu kwa masizi ya sufuria. Bibi harusi wangu aliponiona alianguka chali, akapiga mkeka kwa kiganja, akaomba maji!

Basi nyinyi wenzangu wenye ugonjwa wangu, sikilizeni. Pigeni picha, watoto wanakua. Lakini mtu akikuambia isitoke, isitoke hata kwa sekunde. Alijilegeza vile kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni wewe. Ukishamwonyesha kwa watu, huenda asijilegeze tena, na hapo utabaki na picha nzuri ya mtu ambaye humo ndani hayupo.

Na msinitumie ujumbe kuomba ya bwana harusi. Haipo, hakuna aliyeipiga. Niaminini tu nikisema kwamba nilipendeza!