Wasifu wa Baba Ulipozimika Njiani

Baba alitaka kuusikia wasifu wake kabla hajafa. "Mkinizika mtasoma uongo wenu, na mimi siwezi kubisha," alisema, akakohoa mpaka sufuria zikatikisika ukutani. Kifua kilikuwa kinammaliza. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini majirani wa Kyimo walishaanza kuja na mikungu ya ndizi, kama wanaokuja msibani.

Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba ya kila aina ikimwagika Tukuyu, nami nilikuwa nimenunua kompyuta ya mkononi, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia. Mhitimu pekee wa shule ya usiku kuanzia Isongole hadi Masoko! Baba akasema, nikachapa: kuzaliwa, ubatizo, kazi ya chai, ndoa. Tulipofika kwa mdogo wake, aliyeondoka asubuhi ya mvua asirudi, kioo kikafa. Ti!

Yote yakapotea. Shule ya usiku ilinifundisha kila kitu duniani isipokuwa kuhifadhi nilichoandika. Kesho yake tukaanza upya. Kwa mdogo wake, ti!

Ilipozimika tena, Mama aliacha kumenya ndizi. "Hataki kutajwa, mwanangu. Acha."

"Mama, hii ni mashine."

"Sasa imemjuaje?"

Nilicheka, ila peke yangu.

Nilipoinyanyua, vidole nusura viive. Mama alikuwa ameitandikia na kuizungushia kitambaa chake cha kufuma, kama alivyoivika redio, isipigwe na baridi ya Rungwe. Matundu ya kutolea joto yote yalikuwa yamezibwa. Kila siku tulianzia mwanzo, kwa hiyo kila siku ilichemka tukiwa palepale, kwa baba mdogo. Nikakitoa kitambaa, tukahamia barazani kwenye ukungu.

Kuzaliwa. Ubatizo. Chai. Ndoa. Feni ikavuma vizuri. Baba akaishia hapo, macho kwenye kioo, kama anayengoja mtu aingie. Kioo kikaendelea kuwaka.

"Baba mdogo aliondoka kwa nini?"

"Leo haizimiki?"

"Haizimiki, Baba."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Basi izime wewe."

Nikaizima. Msibani niliusema wasifu kwa kichwa, maana nilishaukariri kama sala. Nilipomaliza ndoa nikafunga mdomo. Wazee wa ukoo hawakuketi. Walibaki wamesimama kwenye manyunyu, wakinitazama, wakisubiri kinachofuata.